Kitako cha Mzee Haroun

Ungemwona Murshid pale Xiaobei, mtaa wa wafanyabiashara Waafrika kule Uchina, begi kifuani na kikokotoo mkononi, hungedhani kwamba kilichomkondesha mwaka ule wa tisini na tisa ni bunduki ya mchezo.

Babake, Mzee Haroun, alikuwa fundi bunduki Mombasa enzi za wawindaji. Uwindaji ulipopigwa marufuku alifunga karakana, akabaki na tupa zake na ulimi mkali. Mkono wako, alikuwa akimwambia mwanawe, ni wa kupatana bei tu. Maneno hayo Murshid aliyameza utotoni na hayakuwahi kushuka. Sasa mzee alikuwa haoni tena, na Swalha, dadake Murshid, alipiga simu kusema kifua nacho kimeanza kumlemea. Murshid akaamua kumuundia bunduki, ya kwanza maishani mwake: ya kurusha vidonge vya plastiki, lakini yenye kujipakia yenyewe kila ukifyatua. Alitaka kusikia neno moja tu kabla mzee hajaondoka. Alitaka aitwe fundi.

Wiki tatu alizunguka maduka ya vitu vya kuchezea. Laoban, yaani mwenye duka, alimwekea mezani mitutu ya plastiki yenye ncha nyekundu, naye akaisukuma kando. Mzee angeipapasa mara moja akajua amedanganywa. Murshid alifumba macho, kama babake alivyokuwa akifanya, akapitisha kidole kwenye kila kipande akitafuta ukwaruzo. Akachagua mtutu wa chuma, mzito. Springi iliyorudi bila kulia. Magazini iliyoingia ikatulia. Kitako cha bunduki, kile cha kuegemeza begani, cha kumridhisha hakukipata, basi akakichonga mwenyewe kwa ubao wa meza iliyotupwa, akakisugua mpaka viganja vikachubuka. Ilipokamilika ilirusha vidonge kumi mfululizo bila kukwama. Murshid alilia peke yake chumbani, na tusimcheke.

Kisha akaipeleka kwa Njambi, Mkenya wa Nairobi aliyekuwa akiwapakilia wafanyabiashara makontena kutoka ofisi yake ndogo. Njambi aliinyanyua, akapima uzito wake, akairudisha mezani polepole. Kontena la safari ile lilikuwa la watu kumi na mmoja, na masharti yao yalijulikana: asiwepo wa kutia kitu cha kuwaponza wenzake. Murshid mwenyewe ndiye aliyeyapigania mwaka uliotangulia, mwenzao Byron alipoficha fataki ndani ya magodoro, na wala hakumwonea Byron huruma.

"Hii nikiweka kwa kontena, mzigo ya kila mtu itashikwa," Njambi alisema. "Mtu wa forodha akiibeba hivi, utamwambia ni ya mtoto?"

Murshid aliichukua bunduki yake. Uzito ule ule alioutafuta wiki tatu ndio uliomponza. Ya plastiki ingepita. Alifungua skrubu, chuma chote akampa mnunuzi wa vyuma chakavu, naye akauponda mtutu palepale. Kitako alikifunga ndani ya kikoi, kikaingia kontenani.

Baada ya miezi miwili Swalha alipiga simu. Sauti yake ilikuwa na furaha, na hilo lilimuumiza Murshid zaidi. Mzee, alisema, alikipapasa kitako nusu siku nzima, akakiegemeza begani, akauliza nani kakichonga. Alipoambiwa akasema kumbe mtoto ni fundi.

"Yuwalala nacho," Swalha alisema. "Hataki kitolewe kitandani. Yuwauliza mtutu utakuja lini, auunganishe mwenyewe."

Neno alilolingoja miaka yote Murshid alikuwa amelipata, na aliona aibu kulipokea.

"Mwambie kontena lijalo," akasema.

Mzee alingoja makontena mawili. Siku aliyokufa, Swalha alisema, asubuhi yake alikuwa ameuliza kama meli imeshaingia.