Niliomba Dada Yangu Anyimwe Dipoziti

Nakumbuka, mwanangu, ile Jumamosi dada yangu Wambui alipofika Mwihoko, godoro lake likiwa juu ya pikapu. Alikuwa amepata kazi Ruiru mjini, na mimi nilikuwa nimemwekea nyumba katika ploti yangu ya kupangisha, ile yenye dirisha la upande wa barabara. Nikasimama getini nikitabasamu. Pikapu ikanipita, ikaingia geti lililofuata, kwa Mama Shiro.

Sasa wewe umepewa funguo za ploti, na naona umeanza kuzichezesha mkononi kama mtu mkubwa. Keti kwanza. Nilikuwa kijana wakati huo, na Mama Shiro, mjane wa makamo aliyekuwa jirani yangu, ndiye mtu niliyemwonea wivu kuliko wote katika Ruiru nzima.

Ploti zetu zilifanana. Ghorofa mbili, mawe yale yale, maji ya kisima yale yale yenye chumvi, kodi ile ile. Lakini nyumba zake hazikukaa tupu hata kidogo. Mtu akihama asubuhi, mwingine anaingia jioni, na mimi kibao changu cha kutafuta wapangaji kilikaa getini mpaka maandishi yakafifia. Nikasema amewahonga madalali. Nikasema ana dawa. Nilikuwa nikiamka na kuona nguo zimeanikwa kwenye balkoni zake zote, nguo za watu nisiowajua, na roho inaniuma mimi.

Nikaamua basi nimpite kwa urefu. Nikaanza kuongeza ghorofa ya tatu. Pesa nilitoa wapi? Nilichukua dipoziti za wapangaji. Usinitazame hivyo, wenye nyumba wengi walifanya hivyo, na wengi wanafanya mpaka leo. Mpangaji anaingia, analipa kodi ya mwezi na dipoziti juu yake, ile pesa ya kurudishiwa akihama, na kabla hajamaliza kupanga vyombo ile dipoziti imegeuka simiti. Akihama unamwambia angoje mwingine aingie. Akichoka kungoja unamkata pesa ya rangi, na rangi yenyewe hupaki. Nao wapangaji si wajinga. Mwezi wa mwisho hawalipi kodi, wanaikalia dipoziti yao mpaka iishe, kisha wanaondoka bila kwaheri na sinki wamekuachia limevunjika. Ndivyo tulivyoishi katika ploti yangu, tukiviziana.

Jioni ile nilimfuata Wambui. Nilimkuta anatundika pazia.

"Umeniaibisha," nikamwambia. "Watu watasema nini, dada yangu wa tumbo moja kupanga kwa jirani?"

Hata hakushuka kwenye stuli. "Brathe, wacha nikuambie ukweli. Deposit ya kwako hairudingi. Kama ni sadaka, si heri nipeleke church?"

Nilicheka ili nisionekane nimeumia. Nikatoka, nikapita kwa Mama Shiro bila kumsalimia.

Mwaka uliofuata Wambui alipata kazi nzuri zaidi, katika kiwanda kimoja Thika. Akapata na nyumba huko, lakini mwenye nyumba akamwambia alete dipoziti siku ile ile kabla ya jioni, la sivyo ataipa mtu mwingine. Pesa yote aliyokuwa nayo dada yangu ya kuanzia maisha Thika ilikuwa ile aliyoiweka kwa Mama Shiro. Akiambiwa "ngoja", basi nyumba imekwenda, na vitu vyake vimeshaanza kupakiwa kwenye pikapu.

Nikapanda juu ya zege langu, kati ya vile vyuma vilivyongoja ghorofa ya tatu, nikatazama uwanja wa jirani. Sasa nakwambia jambo ambalo hata mama yako hajui. Niliomba dada yangu anyimwe. Nilisema, Mungu wangu, leo huyu mama naye aseme "ngoja" kama sisi wengine. Wambui nilimbeba mgongoni akiwa mtoto, na siku hiyo nilitamani kumwona akilia kando ya barabara na godoro lake, ili tu roho yangu ipoe. Wivu ulikuwa umenifikisha hapo.

Mama Shiro akatoka na simu yake. Siku ya kuingia, yeye na Wambui walikuwa wamepiga picha kila kona ya nyumba, na sasa wakaizunguka tena pamoja wakilinganisha. Kioo kimoja cha dirisha kilikuwa kimepasuka. Wakakubaliana bei ya fundi, akakata hiyo tu, na zilizobaki zikaingia kwenye simu ya Wambui kabla kitanda hakijatolewa nje.

"Haki asante, Mama Shiro!" nikamsikia dada yangu. Wakakumbatiana. Mimi nikabaki kule juu nimeshikilia chuma, na pikapu ikaondoka kuelekea Thika bila mimi kushuka kumuaga.

Mama Shiro akainua macho akaniona. Nilidhani atanicheka.

"Baba Kim, shuka," akaita. "Chai iko."

Nikashuka. Akanimiminia kikombe, na nilipokishika ndipo aliponigeukia.

"Kila siku unaangalianga kwangu. Unatafuta nini?"

"Siri yako," nikasema. Haya ilikuwa imeniisha.

"Siri gani? Hiyo deposit si pesa yangu, ni ya mwenye kuileta. Iko sako, kile chama cha akiba, kwa akaunti yake peke yake. Siigusi, hata Shiro wangu akitumwa nyumbani kutoka shule juu ya fees. Wewe unajenga na pesa ya watu, halafu unashangaa wakikutoroka? Ngai, Baba Kim! Hiyo ghorofa unajenga huko juu ni ya nani?"

Nilimaliza chai, nikaenda nyumbani.

Vyuma vile vilishika kutu miaka mingi, kwa kuwa pesa niliyopata ilikwenda kwanza kujaza dipoziti nilizokula. Mama Shiro naye akaongeza ghorofa ya tatu, kwa pesa yake mwenyewe, na wivu ukanirudia upya kabisa. Sikudanganyi kwamba nimepona. Hata leo nikipita pale nachungulia kamba za nguo.

Lakini siku moja msichana aligonga geti langu akitafuta nyumba. Alikuwa Shiro, ameolewa majuzi tu. Nikamuuliza kwa nini asipange kwa mama yake.

"Kwa mum kumejaa," akasema. "Amesema nikuje kwako, ati hapa deposit yangu itakaa poa."

Nilimpa funguo, nikaenda nyuma ya tangi la maji nikalia.

Kwa hiyo, mwanangu, dipoziti ya mtu ukiipokea, iweke mbali na mfuko wako, mahali ambapo hata shida yako haiifikii. Piga picha naye akiingia, zunguka naye akitoka. Alichovunja, umkate pesa yake, lakini umwonyeshe, na usimtoze rangi ambayo hutapaka. Na umrudishie siku ile ile anayohama, maana huko aendako kuna mtu amemwekea mlango wazi na hatamngoja mpaka wewe upate mpangaji. Ukiona jirani anakushinda, mwonee wivu ukitaka, mimi sitakulaumu. Ila usishindane naye kwa pesa ya mtu aliyekuamini.

Mungu akupe wapangaji wanaohama mchana na kukuaga. Akulinde mkono usiguse cha mtu. Na akupe jirani kama Mama Shiro, umwonee wivu mpaka uwe mtu.