Mpeasi wa Ocokoru na Majani Matamu

Dada Ocokoru wa mtaa wa Oli, mjini kwetu Arua, Uganda, ni mjane, na tunaimba kwaya pamoja tangu usichana wetu. Uani kwake kuna mti wa mapeasi. Marehemu mumewe, Acidri, alikuwa akifyeka nyasi kwenye nyumba za zamani kule Arua Hill, na siku moja akarudi na mche ndani ya kofia. Miaka ishirini na sita sasa, haujazaa hata tunda moja. Joto letu haliupendezi. Lakini chini yake tulikunywa chai ya sukari nyingi kila Jumapili baada ya ibada, Acidri akizitania sauti zetu.

Mwaka huu daktari alimkataza sukari. Jirani yake Elena, aliyetoka Sudan Kusini, akamletea miche ya stevia, yale majani matamu ya kutia kwenye chai.

“Hii inataka jua, na jua yote mti imekula,” Elena alisema. “Kata! Mti ya bure, hata ndege inapita tu.”

Ocokoru akakubali. Mwanawe Ezati alipokuja na panga, mama yake akasema tuonje kwanza chai ya majani yale. Akaweka viti vyetu kivulini, akanywa polepole.

“Iko tamu,” alisema. “Lakini mukikata, mimi na dada yangu huyu wa kwaya tutakaa wapi?”

Ezati akacheka. “Mama, kumbe mti iko na kazi!”

Akalikata jerikeni kuukuu kwa panga lile, akalijaza udongo, akapanda miche ile ndani yake, akaliweka karibu na njia, kwenye jua. Nilimshukuru Mungu kimoyomoyo, nikaomba kikombe cha pili.