Siku Masista Walipokimbilia Redio

Nakumbuka Jumanne moja ya mvua, katikati ya miaka ya tisini, nimekaa katika chumba kidogo cha ofisi ya uhamiaji hapa London, nina umri kama wako na kiburi mara mbili ya chako. Usinune, mwanangu. Jana umeniambia umepata kazi ya ukalimani hospitali, nami nimefurahi kweli. Lakini kabla hujaianza, kaa kitako nikwambie jinsi nilivyomnyang'anya mama mmoja mwaka mzima wa mwanawe, kwa uvivu tu wa kutafsiri.

Kazi yangu ilikuwa hiyo hiyo yako. Nilikuwa nimetoka Unguja, na Kiswahili changu nilikiona ndicho. Cha wenzangu nilikiona kibovu. Wakongomani walipozungumza niliwasikiliza nusu nusu, nikingoja wamalize ili niwanyooshee maneno yao, 'njo' yao iwe 'ndiyo', 'nyuma' yao iwe 'baadaye'. Mungu anisamehe.

Siku hiyo aliyekaa ubavuni pangu alikuwa Mama Amani, mwanamke wa Bukavu, Mkatoliki, msafishaji wa maofisi, anaishi Edmonton. Ukimbizi alikwishapewa. Alichokuwa akikitaka ni mwanawe wa pekee, Amani, aliyebaki kwa shangazi yake. Mtoto alikuwa na miaka kumi na sita, na akishatimiza kumi na nane asingeruhusiwa tena kumfuata mama yake. Kwa hiyo unaona, hatukwenda pale kunywa chai.

Afisa akauliza mwanawe kazaliwa lini. Mama Amani akajiweka sawa kitini, akaanza kwa raha zake:

"Ni mwaka wa sabini na nane. Ile mwezi Papa alikufa, masista ku materinite banalia. Nyuma, Muzee wa Kenya naye anakufa. Bo hawajamuzika bado, redio inasema bamechagua Papa mupya. Masista bote banakimbia ku redio, mimi nabaki peke yangu na uchungu. Ile siku ile ile, njo Amani alitoka. Wakirudi, mutoto iko inalia!"

Akacheka. Hata afisa alitabasamu, ingawa hakuelewa neno.

Mimi niliangalia saa. Nilikuwa na miadi mingine upande wa pili wa mji, na hadithi ya masista wa hospitali ya uzazi niliiona porojo. Nikakumbuka kwamba mwaka ule kweli alikufa Papa, mwezi wa Septemba; nilikuwa msichana wa shule, nilisikia kwenye redio ya baba. Basi nikamwambia afisa kwa Kiingereza: "Septemba, sabini na nane." Akaandika.

Mama Amani akanigeukia. "Ni ile tu? Umemaliza?"

"Nimemaliza, mama. Kiingereza ni kifupi."

Nilimjibu hivyo, mwanangu, tena kwa maringo. Wazee walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilichukua miezi mitatu.

Wakili wa Mama Amani aliniita nimsomee mteja wake barua. Niliipitia kwanza kimya kimya. Cheti cha ubatizo, barua ilisema, kinaonyesha mtoto kazaliwa tarehe ishirini na sita Agosti. Mama mwenyewe kasema Septemba. Mwanamke asiyejua mwezi aliomzaa mtoto, ofisi haiwezi kuamini kwamba ndiye mama yake. Ombi limekataliwa.

Ilibidi nimwambie maneno hayo usoni, tena safari hii bila kufupisha.

Hakulia. Akaniuliza taratibu, "Ile siku, ulibaambia juu ya Papa?"

"Sikuwaambia."

"Na Muzee wa Kenya?"

"Sikuwaambia."

"Na masista?"

Nilitikisa kichwa.

"Ulikuwa na haraka ya kwenda wapi, mutoto yangu? Wa kwangu njo iko inangoja."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mimi wakati ule nilikuwa sijazaa.

Sasa tazama ujinga wangu. Mwaka ule walikufa Mapapa wawili. Mmoja alikufa mwanzoni mwa Agosti, na aliyechaguliwa baada yake hakumaliza Septemba. Mimi nilimkumbuka huyo wa pili. Lakini Rais wa Kenya alikufa mara moja tu, na kati ya kufa kwake na kuzikwa kwake Papa mpya alichaguliwa siku moja tu, tarehe ishirini na sita Agosti. Mama Amani hakuwa akipiga porojo. Alikuwa akitaja tarehe, kwa kalenda ambayo dunia nzima iliisikia redioni. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Wakili hakujua Kiswahili. Ningeweza kusema mama ndiye aliyekosea, na shetani alininong'oneza hivyo hivyo. Lakini muungwana akivuliwa nguo huchutama. Nilimweleza wakili yote, nikaandika na kutia sahihi kwamba kosa ni langu. Yeye akaenda maktaba, akatoa nakala za magazeti ya mwezi ule. Kila kitu kilikuwamo, kwa mpangilio ule ule wa Mama Amani, isipokuwa masista.

Kazi ya ukalimani iliniishia hapo. Nilifungasha mizigo ghalani miaka miwili.

Rufaa ilikubaliwa, lakini ilichukua mwaka. Siku Amani alipofika, mama yake alikwenda uwanja wa ndege na viatu vipya ndani ya mfuko. Kijana alikuwa amempita kwa kichwa kizima, na viatu havikumwingia. Mama alikaa chini pale pale, akawa anavigeuza geuza mikononi. Nilikuwapo. Viatu vile vinaniuma kuliko barua.

Alinisamehe, ndiyo maana unamwita bibi. Kila tarehe ishirini na sita Agosti tunakula kwake, na wajukuu zake, hawa wanaojibu Kiingereza tu, humtaka awahadithie. Yeye huanza, kisha hunielekezea kidole: "Dada, wewe sema." Nami hutafsiri yote, mpaka machozi ya masista.

Basi mwanangu, nasaha yangu ndiyo hii. Mgonjwa akikwambia kifua kilianza kumbana wiki ya harusi ya binti yake, mpelekee daktari harusi nzima. Usimchagulie mtu la kusema. Usilolielewa uliza, na Kiswahili cha mwenzio usikicheke, huenda kimebeba kisichomo katika chako. Na ukikosea, sema siku hiyo hiyo.

Nenda kazini kwa heri. Mungu akupe masikio marefu na subira ndefu zaidi, akuepushe na haraka niliyokuwa nayo mimi, na siku ukiwa wewe mwenye shida mbele ya wageni, akuletee mtu atakayekusemea yote.