Uzi wa Katani kwenye Mkono wa Baba

Homa ya matumbo ilipoingia kambi ya mgodi wa madini ya risasi hapa Mpanda, miaka ya hamsini, dresa, yaani mganga wa zahanati ya kambi, alituchoma sindano ya kinga wakubwa wote asubuhi moja. Kesho yake mkono wangu ulivimba nikashindwa kuvaa shati. Mke wangu naye alitetemeka kwa homa. Mkono wa baba ulibaki vilevile.

Baba alikuwa mzee, na vumbi la mgodi lilikwisha kumharibu kifua. Homa ile ingemkuta, asingeinuka. Nami nimekulia kwa Wakonongo wanaopima dawa ya chale kwa uvimbe: chale ikivimba, mwili umepokea; ikinyamaza, aliyekuchanja amekudanganya. Nilizungusha uzi wa katani kwenye mkono wa baba, nikafunga fundo, nikapima tena siku tatu. Fundo lilikaa palepale. Nikawapima wazee wengine wanne wa kambini. Mmoja tu alivimba, tena kidogo.

“Dawa anawapa wachimbaji,” nikamwambia baba. “Nyie wazee anawachoma maji.”

“Basi maji yake yana meno,” alijibu, akisugua bega.

Sikucheka. Maneno yangu yalizunguka kambi, na sindano ya pili ilipokaribia wazee wakasema hawaendi. Hapo nikaona lazima nipate hakika. Nilimpeleka baba kwa dresa, mtu wa Karema kule ziwani, aliyezoea kutaniwa kwa samaki wake wakavu.

“Nataka chupa moja,” nikamwambia. “Unichome mimi kwanza, kisha baba.”

“Na kamba yako umekuja nayo?”

“Ninayo.”

“Funga vizuri basi. Mkonongo hata kivuli chake hukipima.”

Alitikisa chupa mpaka dawa ikawa nyeupe kama maji ya mchele. Niliangalia mkono wake hatua kwa hatua: chupa ileile, kipimo kilekile, bega langu, kisha la baba. Sikuona hila.

Siku ya pili mkono wangu ulilipita fundo kwa upana wa kidole. Wa baba haukulipita.

Nilirudi kwa dresa nikamwomba radhi. Nikauliza sababu.

“Wazee wengi wako hivyo. Mwili uliochoka haupigi kelele. Kama umeshika dawa au haukushika, mimi kwa macho siwezi kujua. Mchemshie maji.”

Niliwaendea wale wazee wanne, nikawaeleza habari ya chupa moja. Mmoja akadakia.

“Juzi maji, leo dawa. Dresa amekupa samaki wangapi, bwana?”

Wenzake wakacheka. Wawili walikwenda kuchomwa, wawili hawakwenda. Wa kukataa niliwapa sababu mimi mwenyewe, na sikuweza kuirudisha.

Tangu siku hiyo niliyachemsha maji ya baba kwa mkono wangu. Alipokwenda shambani Mwamkulu nilimfungia kibuyu na kumkataza maji ya kijito. Alilalamika kwamba maji yangu yana ladha ya sufuria, lakini aliyanywa.

Homa ikapita, baba hakuugua. Imemkinga sindano, au sufuria, sijui mpaka leo. Ule uzi ninao bado, na fundo lake. Ulinionyesha unene wa mkono, basi. Nami niliutaka unionyeshe moyo wa dresa na damu ya baba.