Antena Niliyoielekeza Geita

Nicheke nanyi, wasomaji, maana mimi mwenyewe sina tena pa kuficha uso. Kwa akili zangu za shule ya jioni niliunda antena ya redio kwa fito na waya wa shaba, mfano wa mgongo wa samaki sato aliyekwisha kuliwa. Nikamwapia Baba Kabula, mzee wa binti niliyetaka kumwoa, kwamba nikiielekeza Geita, atazungumza na kaka yake mkubwa aliyeko machimboni, hata akimeza mate atamsikia!

"Nikimsikia kaka," akasema, "Kabula umeoa."

Kumbe antena ilinasa mikwaruzo mitupu. Basi nikamficha rafiki yangu Masanja ghalani na kipaza sauti ajifanye huyo kaka, waya wake ukaja hadi redioni kwa siri.

Mzee alipofika, nikaizungusha antena kwa mbwembwe za mzungu wa mgodini. "Haya, Baba, semeni naye!"

Akavua kofia, akainamia redio. "Kaka, shikamoo!"

Masanja, mtoto wa watu aliyelelewa vizuri, hakuthubutu kumwitikia mzee marahaba. Mwishowe redio ikakohoa, ikajibu kwa adabu zote:

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu," akaitikia Baba Kabula, macho yake tayari ghalani. "Hebu toka humo, uje unisalimie vizuri."