Kalibu Yenye Mapengo Mawili

Lori lililompeleka mume wangu Pangani, kule Kibaha, lilirudi Kisarawe baada ya isha bila yeye. Nilikuwa nimesimama barazani tangu magharibi. Dereva alitoa kichwa dirishani akasema, "Fundi amebaki, Mama Mboni. Nimemkuta njiani karibu na msikiti, akaniambia niende zangu."

"Mlango wa msikiti umekwisha kutiwa?"

"Hilo sikuuliza, mama. Nina mkaa wa watu."

Mume wangu hakuwa mtu wa kulala ugenini. Watoto walipolala nilichukua kibatari nikaingia kwenye kibanda chake cha kazi, nifagie maranda, maana kukaa bure kungenitia wazimu.

Mwishehe Kondo alijifunza useremala Dar es Salaam kwa fundi mmoja wa Kihindi kabla hatujaoana. Siku hizo alikata tao la kiti au la kitanda kwa jicho. Alichora mstari kwa penseli, akaufuata kwa msumeno, basi. Watu walitoka mpaka Kibuta kuja kumtazama tu. Kisha, kama miaka miwili kabla ya mlango ule, akaanza kutengeneza kalibu. Alivunja masanduku ya chai akachukua zile mbao nyembamba. Alitengeneza fimbo yenye msumari ncha moja na kisu ncha nyingine, akaizungusha juu ya ubao mpaka ukakatika kwa mviringo. Ukingo wake aliupiga tupa, akaupitisha kidole, akaupiga tena, halafu akaupaka nta. Hiyo ndiyo kalibu. Aliipigilia juu ya mti anaotaka kuukata, kisha akatembeza kando yake kigogo kidogo chenye kisu chini, alichokichonga mwenyewe kwa springi ya lori. Alikiita panya, kwa kuwa kilitafuna kidogo kidogo. Panya hawezi kupotea. Anafuata ukingo wa kalibu, na mti unatoka na umbo lilelile.

"Fundi ameleta mitambo," watu walisema.

Mimi nilikuwa namtazama. Mtu aliyekata kwa jicho maisha yake yote sasa anatengeneza kalibu hata ya mguu wa kigoda. Akipewa chai, mkono ulianza kupapasa meza kabla ya kukifikia kikombe. Siku moja alimwambia mbuzi wa jirani ampishe, akamwita Mboni. Alikwenda kwa daktari wa wilaya, akarudi akasema amepewa dawa ya tumbo. Dawa yenyewe sikuiona. Nilichokiona ni weupe ndani ya jicho lake la kulia, kama tone la tui.

Sikumwuliza, naye hakuniambia. Fundi asiyeona nani atampa mbao? Tulikuwa na watoto watano na shamba la muhogo ambalo nguruwe walikula kuliko sisi. Tukaendelea hivyo, kila mmoja akimficha mwenzake jambo ambalo wote tunalijua, na hiyo nayo ni kazi inayochosha kuliko kulima.

Ndipo ilipokuja kazi ya msikiti wa Pangani. Mzee Zahoro, msimamizi wa ujenzi, alimpa kwanza mlango mmoja wenye kichwa cha tao. Ukikaa vizuri, madirisha sita yatakuwa yake. Usipokaa, ataitwa fundi wa Dar es Salaam.

Mwishehe alitengeneza kalibu mbili. Kubwa alipewa Twalibu, mwashi, ajengee tao la mawe. Ndogo ilikuwa ya kukatia mlango, maana mawe yakishapakwa lipu, nafasi hupungua vidole viwili. Ili asizichanganye, kubwa aliikata pengo moja pale chini, ndogo mapengo mawili. Alisema ni alama ya kifundi. Nilijua ni ya kidole gumba.

Basi usiku ule, nikifagia, niliziona zote mbili zimetundikwa ukutani. Nikasogeza kibatari. Ile ndogo ilikuwa safi, nta yake haijaguswa. Ile kubwa, aliyoirudisha Twalibu baada ya kujenga, ilikuwa na vumbi jekundu ukingoni, la mninga, mti wa ule mlango. Nikaigeuza. Mikononi mwa Twalibu ilikuwa imemeguka pale chini, karibu na pengo lake. Ukiipapasa, ni mapengo mawili.

Lakini ilikuwa na chokaa. Chokaa tupu, nyeupe, kutoka juu mpaka chini. Mtoto wa miaka mitatu angejua kwamba hii ndiyo iliyotoka kwa mwashi.

Nilikaa pale juu ya maranda mpaka alfajiri. Sikulia. Nilikuwa nimechoka tu, na nilikuwa nahesabu njia.

Kulipokucha nilimwachia Mboni wadogo zake, nikaifunga ile kalibu ndogo ndani ya kanga, nikapanda lori lilelile. Kipande cha mwisho nilitembea. Nilipofika msikitini jua lilikuwa limepanda. Mlango ulikuwa umelazwa juu ya magogo. Mwishehe alikaa kando yake, randa mapajani. Hakuwa ameugusa. Hakuthubutu kupunguza kwa kubahatisha.

"Shemeji!" Twalibu aliita kutoka juu ya ngazi. "Afadhali umekuja. Mlango wa mumeo umeshiba, haupiti. Mwambie aufungishe saumu."

Wanaume wakacheka.

"Mbao imevuta maji," Mwishehe alisema. "Masika haya."

"Masika gani? Hata mimi nina mlango nyumbani, mbona haukuota kichwa?"

"Twalibu, acha maneno," Mzee Zahoro alisema. Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee," akaitika marahaba, lakini macho yake yalikuwa kwa mume wangu.

Nilikwenda nikachuchumaa karibu naye. "Baba Mboni, hii uliisahau nyumbani."

Niliiweka mikononi mwake. Kidole gumba kikaenda chini moja kwa moja. Moja, mbili. Kikapita tena, polepole, kikitafuta mahali palipomeguka, kikakosa.

"Na ile nyingine?" aliniuliza kwa sauti ya chini.

"Ina chokaa."

"Nyingi?"

"Nyeupe yote."

"Nyeupe yote," alisema. Akajua kwamba najua, na kwamba nimejua siku nyingi. Kisha akainuka. "Nishikie upande huo. Unyooke na kifua cha mlango."

Nilishika. Alipima kwa shibiri kutoka kila upande, akapigilia misumari minne, akachukua panya. Kisu kikaanza kutafuna. Alikuwa ameinama, lakini uso wake ulielekea kwenye miti ya ng'ambo, kama mtu anayemsikiliza anayemwita kwa mbali. Maranda mekundu yalimjaa miguuni. Kicheko kikapungua chenyewe. Twalibu akashuka kwenye ngazi, akasimama.

Mzee Zahoro akanijia. "Mama Mboni, huyu anatazama wapi?"

Nilikuwa na maneno tayari. Ningesema shingo inamuuma. Ningesema vumbi. Miaka miwili nilikuwa nayatunza maneno ya namna hiyo, na sasa yote yalinijia, lakini sikuwa na nguvu ya kuyainua.

"Hatazami, mzee. Haoni vizuri tangu masika ya mwaka juzi."

Akavuta ndevu. "Na amekubali kazi yangu?"

"Mikono inaona."

"Mikono ndiyo iliyoleta mlango usioingia."

Akamtazama Mwishehe akigeuza panya kwenye kilele cha tao, bila kuruka, bila kukwaruza. Mwisho akasema, "Ukiingia, madirisha ni yake, na wewe utakuja naye kila mara. Usipoingia, mama, nami nina msikiti wa watu."

Waliubeba wanaume wanne. Mwishehe alitia bawaba mwenyewe, akizipapasa, akizipaka mafuta ya nazi. Twalibu alishikilia kwa bega, na safari hii hakufanya utani. Tao la mlango likapanda chini ya tao la lipu. Palibaki nafasi ya unene wa kucha. Wakaufunga. Ukakaa kimya ndani ya ukuta, nami nikaogopa kwamba sasa umebana.

"Haya, sukuma," Mzee Zahoro alisema.

Twalibu akaweka kiganja akasukuma. Haukulia hata kidogo. Mwishehe alikuwa amesimama kando yangu, kichwa amekiinamisha, akingoja sauti.

"Umefunguka?" aliniuliza.

"Umefunguka," nikamwambia.