Mechi Tuliyoiona kutoka Msibani

Mimi ni mtu wa wasiwasi. Mke wangu husema hata usingizini nakunja uso. Kwa nini basi wenzangu walinichagua kuwa nahodha, sijui mpaka leo. Labda kwa sababu nilikuwa wa kwanza kufika uwanjani kila mara, nikizungukazunguka na kuuliza, jamani, wengine wako wapi?

Klabu yetu ilianza bila kikao. Jumamosi moja mwenzetu alishuka na mpira kwenye uwanja wa changarawe chini ya maghorofa ya Bredäng, mtaa wetu huko Uswidi, akakuta wawili watatu, na Jumamosi iliyofuata tukawa timu. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Wengi tulikuwa Watanzania, wanafunzi na wanagenzi wa viwandani, pamoja na Wakenya wachache waliotucheka kwa kuomba pasi kwa adabu, "naomba, ndugu," badala ya kupiga kelele kama watu wa mpira.

Tulipoingia ligi ya ridhaa, ndipo tulipopewa saa yetu ya uwanja. Ukifutwa kwenye ligi, saa hiyo anapewa mwingine. Nami nasema wazi, bila ile saa ningerukwa na akili. Wiki nzima nilikuwa sina wa kusema naye ila mwalimu na mashine. Jumamosi ndiyo nilikuwa mtu, naitwa, natukanwa, nachekwa. Ndiyo maana niliiogopea klabu ile kama mtu anavyomwogopea mtoto anayekohoa.

Na hofu ilikuwa na sababu. Sheria ya ligi ilisema timu isiyotokea mara mbili inafutwa, na sisi mara moja tulikuwa tumekwisha kuitumia kipumbavu. Ilikuwa Aprili. Tuliamka tukakuta theluji imefunika kila kitu. Hakuna aliyempigia mwenzake simu. Kila mmoja alitazama nje, akasema nani atacheza mpira kwenye barafu, akarudi kitandani. Kumbe wapinzani walikuwa wamesimama uwanjani na kaptula zao, wakirukaruka kupasha mwili moto, wakitungoja!

Basi ikabaki mara moja tu tufutwe. Na mechi ya mwisho ya msimu, tuliyopangiwa na timu ya kiwanda kimoja cha Jordbro, ilikuwa Jumamosi saa saba mchana, hapo hapo kwetu Bredäng. Asubuhi ya siku hiyo hiyo simu ikaja kutoka ubalozini. Mama yake golikipa wetu amefariki Dar es Salaam, na amekwisha kuzikwa.

Golikipa alikuwa Mzaramo, mwanagenzi wa uchapaji, kijana mpole asiyefanana na mikono yake mikubwa. Alikaa ghorofa ya nane. Tulikwenda sote, na hapo hakuna aliyefikiri mara mbili. Unakwendaje kucheza mpira mwenzako amefiwa na mama? Tulisogeza sofa ukutani, tukatandika mablanketi, tukakaa chini. Mmoja wetu aliyejua Yasini akaisoma. Wakristo wakainamisha vichwa. Mashemeji wakaingia jikoni. Golikipa alikaa kwenye kona, macho makavu kabisa. Ukimpa pole, anaitikia, "Tumeshapoa," basi.

Sasa msiba wenyewe ulikuwa na dirisha. Na dirisha, ole wangu, lilitazama uwanja.

Saa sita na nusu nikawaona watu wa Jordbro wakishuka na mabegi yao. Nikageuza uso. Nikajikuta natazama tena. Refa naye akafika, mweusi tii kwa nguo, akaanza kukagua nyavu. Nilitupa jicho kwa beki wetu, naye alikuwa anatazama dirishani. Kila mtu aliona na kila mtu akajifanya anatazama blanketi. Nani atafungua mdomo? Nahodha? Nahodha aseme nini, poleni wafiwa, tunaomba ruhusa tukapige mpira? Astaghfirullah. Nilijichukia kwa kuwaza tu. Lakini niliwaza, na jasho lilinitoka.

Hata mapema, kabla refa hajatoka kwake, simu ya kumwarifu hatukupiga. Simu ilikuwa pale pale ukutani, karibu na sikio la mfiwa.

Mara mlango ukapigwa kishindo. Aliingia mshambuliaji wetu, Mnyamwezi wa Tabora, amechelewa kama kawaida yake, njumu zimening'inia shingoni. "Uuuwi!" akalia, sauti ya kuamsha jengo zima. "Wazaramo mmeniulia mama yangu, tena mmekula wali bila mimi!"

Moyo ukanipasuka. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba Mnyamwezi na Mzaramo ni watani, na msibani mtani hana breki.

Akaingia jikoni, akamvua shemeji mmoja khanga ya begani, akajitanda kichwani. Akachukua glovu za golikipa kwenye msumari wa mlangoni, akazivaa. Kisha akakaa katikati ya mablanketi, akajikunja kiuno kama mama mtu mzima, akatutazama mmoja mmoja.

"Nimekufa mimi," akasema kwa sauti nyembamba, "au mmekufa nyinyi?"

Akapiga makofi kwa glovu.

"Mwanangu kila akiniandikia, mama nimedaka hivi, mama nimedaka vile. Leo nimepata nafasi ya kuja kutazama, sina nauli ya kulipa wala magoti ya kuniuma. Nakuta goli tupu! Ndiyo heshima gani hiyo?"

Winga wetu, Mkenya, akainuka mbio akamkamata kola. "Wewe huna haya? Mtu amefiwa!" Tulimrukia watatu. "Mwache, mwache, ni mtani wake!" Hakuelewa hata kidogo. Alikuwa amewaka hasira, nami macho yangu yalikuwa kwenye kona. Akikasirika mfiwa, tumekwisha, klabu na urafiki wote.

Golikipa alikuwa ameinamisha kichwa. Mabega yakamtikisika. Kisha akasema bila kuinua uso, "Mpeni mtani haki yake. Anataka nini?"

"Nataka hawa wote," Mnyamwezi akasema, akitunyooshea glovu. "Na ngozi hizi za mikononi. Wewe baki na wanawake, umefiwa."

"Chukua. Potea."

Jamani, tulivyoshuka zile ngazi! Lifti hatukuingoja. Refa alikuwa tayari ameshika begi lake, anatazama saa. Nilimshika mkono nikaongea Kiswidi ambacho hata mwenyewe sikijui, na yeye akatazama yule golikipa mwenye khanga kichwani, akaweka begi chini.

Tulifungwa vibaya. Mnyamwezi hakuwa kipa, alikuwa mchekeshaji mwenye glovu. Kila bao likiingia nilitazama juu, ghorofa ya nane, na kila mara golikipa alikuwa pale dirishani, mikono miwili kwenye kioo, akielekeza, sogea, sogea kushoto. Hakuna aliyemsikia. Lakini tulicheza mpaka kipenga cha mwisho, na hakuna aliyetufuta.

Tulirudi juu na matope magotini, tukavua njumu nje ya mlango. Tuliona haya. Golikipa alifungua mwenyewe, akatupitia sote kwa macho, akamkabili mtani wake.

"Mnyamwezi wee, mabao yote yale kushoto! Yote! Yale hata mama yangu angeyadaka."

Akasikia alichosema mwenyewe. Mdomo ukabaki wazi, na ndipo akalia, kwa mara ya kwanza siku ile, kwa sauti, pale pale kizingitini. Mnyamwezi akavua khanga kichwani akamfuta nayo uso, glovu zikiwa bado mikononi.